Mfasiri wa Sinema ya Wanawake

Jina lake silitaji. Mtasema ni adabu, kwamba mtu mzima hatajwi ovyo, na kweli adabu imo. Lakini kubwa ni khofu. Mimi ni muoga, nalisema hili mwanzo ili msije mkanidai ushujaa huko mbele. Nimeshastaafu ualimu, sina kazi ya kufukuzwa tena, na bado gari ya vipaza sauti ikipita mtaani na bendera zake mimi hutafuta cha kufanya jikoni mpaka ipotee. Wajukuu wananicheka. Wacha wacheke.

Wete nzima tulimwita Mfasiri, na watoto walimwita Bi Mfasiri. Miaka ile ya baada ya Mapinduzi mji wetu ulikuwa na ukumbi wa sinema, na siku moja katika wiki, baada ya sala ya adhuhuri, maonyesho yalikuwa ya wanawake watupu. Mwanamme alikuwa mmoja tu, yule wa kuzungusha mashine, naye yuko juu kwenye tundu lake. Tulikwenda na mabuibui yetu, na watoto migongoni, na karanga, na muhogo wa kukaanga ndani ya karatasi. Filamu zilikuwa za Kihindi, na hakuna kati yetu aliyejua neno. Mfasiri alikaa kiti cha mbele, pembeni kabisa, jicho moja kwenye pazia na jicho moja kwetu. Muigizaji akifungua mdomo, naye anapaza sauti: "Anasema!" Halafu anatupa maneno. Sauti yake ilikwaruza kama kibao cha mbuzi kinapokuna nazi, lakini ilifika mpaka viti vya nyuma, na ukumbi ulikuwa mkubwa.

Kihindi alikijulia wapi? Kuna waliosema alipata kufanya kazi nyumbani kwa Muhindi wa duka la vitambaa, kabla Muhindi huyo hajafunga duka na kuondoka. Kuna waliosema ana jini la Kihindi. Yeye ukimuuliza alikukata macho: "Mtu akilia, yataka usome ndiyo ujue kuwa analia?" Hapo unarudi kula karanga zako.

Majina ya waigizaji tulipewa na yeye. Majina yao ya kweli yaliandikwa mwanzo wa filamu kwa herufi ambazo hata sisi tuliosoma hatukuzijua, kwa hiyo walikuwa wa kwetu kwa majina ya kwetu. Kulikuwa na Mama Machozi, bibi mmoja mwenye uso wa mviringo aliyekuwa mama wa watu katika kila filamu, na katika kila filamu mwanawe alipotea. Huyo tulimpenda mapenzi ya kweli. Mama yangu alikuwa akimuombea dua. Kulikuwa na Kijana wa Mvua, ambaye hakuweza kupenda mpaka mvua inyeshe. Na kulikuwa na Kikohozi. Kikohozi ndiye aliyekuwa mbaya wa filamu zote, mnene, ana pete vidole vitatu, na kabla ya kusema lolote baya lazima akohoe kwanza, kohoo, kohoo, akijisafisha koo na kujitengeneza kola. Akianza kukohoa tu, ukumbi mzima tunapiga kelele: "Huyooo!" Watoto wadogo walijificha ndani ya mabuibui ya mama zao.

Siku redio ilipotangaza kuwa muigizaji kafariki huko kwao, na yule wa mashine akasema ndiye Kijana wa Mvua, Mfasiri alifunga mlango, akapika bokoboko, akaita majirani wasome Yasini. Jirani mmoja akasema, astaghfirullahi, bibi we, huyo hata dini yake hatuijui. Akamjibu: "Dini za watu anazijua Mungu. Mie najua alinifurahisha." Akalia siku tatu. Na huyu huyu Mfasiri, mumewe alipokufa, hakutoa chozi hata moja. Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, macho makavu, akimenya mbaazi. Watu walisema sana. Mimi nilimjua mumewe, na sikushangaa.

Alikuwa mtu wa sala. Adhana ya alasiri ikisikika wakati filamu inaendelea, alinyamaza kimya, kanga kichwani, mdomo unamtikisika kwa kuitikia muadhini. Huko kwenye pazia waigizaji wanaendelea kusema, wengine wanapigana risasi, na sisi hatuambiwi neno. Kuna filamu moja mpaka leo sijui kwa nini yule kaka alimpiga risasi mdogo wake. Tulimuuliza, akasema: "Wakati ule nilikuwa nazungumza na Mola wangu, siyo na hao."

Maji alikuwa bakhili nayo, ukiomba kata moja ya maji anakutazama unavyoinywa. Chakula alikitoa bila ya kuhesabu. Paka aliwaogopa, na polisi hakuwaogopa. Uongo aliuchukia sana, alimcharaza mpwa wake bakora kwa uongo wa embe moja. Nalitaja hili la uongo kwa sababu, nitakavyoeleza, yeye mwenyewe alikuwa muongo mkubwa kuliko wote Pemba, Mungu amsamehe, Mungu atusamehe sote.

Kulikuwa na miaka ya foleni. Walioishi wanaijua, na wasioishi hawawezi kuambiwa wakaelewa. Mchele haupo, unga wa kupimiwa, unakwenda alfajiri unapanga jiwe lako kwenye mstari likushikie zamu, na kuna watu wanaopita kutazama nani ananung'unika. Nilikuwa na kama miaka kumi. Wiki moja tulisimama mimi na mama tangu alfajiri, tukafika dirishani, tukaambiwa unga umekwisha. Na magunia tuliyaona. Tulikwenda kwetu, tukachemsha majani ya muhogo.

Wiki ile ile tukaenda sinema. Usiniulize fedha ya tiketi ilitoka wapi, wanawake wa Wete wangekula majani mwezi mzima lakini Mama Machozi wakamuone. Ikafika pahala Mama Machozi amesimama mbele ya tajiri mmoja, ana sahani tupu mkononi, anasema huku anatetemeka. Mfasiri akapaza sauti: "Anasema! Anasema: 'Nimesimama foleni tangu alfajiri, nimefika dirishani naambiwa unga umekwisha, na gunia naliona nyuma yako!'"

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, siyo kilio cha sinema, kilio cha msibani. Akafuata mwengine. Mimi nilijawa na furaha isiyo na kifani, kwamba Mama Machozi huko alikozaliwa anatujua, kwamba amesikia khabari zetu. Tulipotoka nikamuuliza mama njiani, kwa sauti: "Mama, kumbe na Uhindi kuna foleni?" Mama alinipiga kofi la mdomo, kiganja kikabaki pale pale kimenibana. Jino lilinikata mdomo. Akaniinamia sikioni: "Maneno hayo usiyarejee. Hukuyasikia. Hukuwepo." Mkono wake ulikuwa wa baridi. Mimi khofu nilifundishwa siku ile, na mwalimu wangu alinipenda kuliko mtu yeyote duniani.

Niliendelea kuamini. Mcheke, lakini niliamini mpaka ukubwani. Nilipokwenda chuo cha ualimu Unguja, jioni moja tunazungumza filamu bwenini, nikawaambia wenzangu kuhusu Mama Machozi na foleni ya unga. Wakaanza kwa kunicheka lafudhi, Wapemba tulikuwa na zamu yetu ya kuchekwa kila siku. Kisha mmoja, ambaye mama yake alikulia na Wahindi na yeye mwenyewe anakijua Kihindi sawasawa, akasema filamu ile anaijua, na pale yule mama anamuomba tajiri binti yake aolewe na mwanawe. Foleni hakuna. Unga hakuna. Hata sahani ile haikuwa ya chakula, ilikuwa ya mambo ya ibada yao. Nilibisha mpaka nikatoka machozi. Usiku sikulala, nilikuwa naipanga upya filamu moja baada ya nyengine, najiuliza Kijana wa Mvua alisema nini kweli, na Kikohozi je.

Likizo nikamwendea. Alikuwa anaanua nguo.

"Bi, yale maneno ya foleni. Mama Machozi aliyasema kweli?"

"Mdomo wake hukuuona?"

"Niliuona."

"Ulifunguka?"

"Ulifunguka."

"Basi. Weye ulitaka ufunguke bure?" Akanipa kanga nimshikie ncha tukunje.

Miaka ikapita. Ukumbi ukafa, paa likavuja, popo wakahamia. Nikaolewa, nikapata watoto wawili, nikawa mwalimu wa skuli moja hapo mjini. Mpwa wake Mfasiri, yule wa bakora za embe, akaenda Uarabuni, akamletea televisheni na deki ya kaseti. Basi sinema ya wanawake ikafufuka, chumba cha mbele nyumbani kwake, kila Ijumaa alasiri. Mikeka chini, viatu nje, watu wanakuja mpaka kutoka Wingwi na Tumbe, wanawake wa Tumbe wakileta samaki wa kukaanga. Mimi nilikaa mbele kabisa, karibu na deki, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kuingiza kaseti na kurudisha nyuma. Sikukosa Ijumaa hata moja.

Ndiyo ilikuwa miaka ya vyama vingi kuingia. Asiyekuwepo Pemba wakati ule asiseme anaijua siasa. Watu walisusiana mazishi. Jirani anakufa, na jirani wa ukuta kwa ukuta hendi kumzika kwa kuwa ni wa chama kile. Duka lina sukari na watu wanapita mbele yake kwenda mbali kununua sukari hiyo hiyo kwa mwenzao wa chama. Ndugu wa tumbo moja hawapeani salamu. Na sisi wafanyakazi wa serikali ndiyo tulikuwa juu ya ukuta, huku kuna mbwa na huku kuna mbwa. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alionekana amesimama kwenye mkutano wa upinzani, yeye alisema alikuwa anapita tu na mkungu wake wa ndizi. Ikaja barua. Ukawa mwisho wa kazi.

Nyumbani kwa Mfasiri wanawake wa vyama vyote walikaa mkeka mmoja. Alikuwa na sharti moja, analisema mlangoni kila Ijumaa: "Siasa vueni pamoja na viatu." Wakivua. Kisha anayeivaa ni yeye peke yake! Kikohozi anatokea kwenye televisheni, kazeeka sasa, pete ni nne, anakohoa, kohoo, kohoo, anatengeneza kola. Mfasiri: "Anasema! 'Karafuu zenu nitanunua mimi, bei nitapanga mimi, na kura mkipiga, nitahesabu mimi!'" Lo! Watu tulianguka. Wa chama hiki na wa chama kile, wameegemeana, machozi yanawatoka kwa kucheka. Mke wa sheha, yaani mke wa yule mkubwa wa serikali wa shehia yetu, alikuwa ndiye wa kwanza kupiga makofi. Na mimi nikirudisha kaseti nyuma ili Kikohozi akohoe tena.

Sasa sikilizeni kilichotuponza.

Siku moja mkubwa mmoja alikuja kuhutubia watu uwanjani juu ya mambo ya karafuu. Skuli zilifungwa, walimu tukaamrishwa twende na wanafunzi. Wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mkubwa ni mtu mnene, Mungu kamuumba. Akasimama, akashika kipaza sauti, akajitengeneza kola, akakohoa. Kohoo. Kohoo.

Ya Rabbi. Sijui nani alianza. Nilisikia kwanza kama mtu anapaliwa, huko nyuma, halafu mwengine, halafu upande mzima wa wanawake ukaripuka. Siyo kicheko cha adabu, kicheko cha Ijumaa. Mimi niliitia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma mpaka meno yakaniuma. Mkubwa akangoja. Akakohoa tena kujipa heshima, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, mwanamke mmoja akapiga kelele: "Huyooo!" Wanaume wakageuka kututazama, hawaelewi. Sheha alikuwa amekaa jukwaani, na niliona rangi inamtoka usoni. Yeye alielewa. Mkewe alishamhadithia.

Kicheko kilikatika pale pale, kama redio iliyokwisha betri. Tulirudi majumbani. Usiku ule nilichoma daftari langu moja nililokuwa nikiandika majina ya filamu. Majina ya filamu tu! Nilikaa jikoni nikalitia karatasi moja moja kwenye mkaa, na mume wangu amesimama mlangoni ananitazama.

Siku ya tatu niliitwa ofisini kwa sheha. Ofisi yenyewe chumba kimoja, meza moja, benchi moja. Nyuma ya meza sheha na mtu mwengine nisiyemjua, kijana, shati jeupe, kwa lafudhi ni wa Unguja, ana daftari mbele yake. Kwenye benchi kakaa Mfasiri. Kavaa kanga zake mpya, mikono mapajani.

Nilitoa salamu. Yule kijana alikuwa mpole, na upole ule ndio ulionitia baridi zaidi.

"Mwalimu," akasema, "tunataka msaada wako. Kuna maneno yanasemwa katika filamu nyumbani kwa bibi huyu. Kama ni ya filamu, basi filamu ni mbaya, tutaichukua, na kila aliyeitazama tutamuandika tumuhoji. Kama siyo ya filamu, tunataka kujua ni ya nani. Wewe umesoma. Siku ya Ijumaa iliyopita ulikuwepo?"

Nilisikia saa ya ukutani. Nilimuona mwalimu wa hesabu na mkungu wake wa ndizi. Niliwaona wanangu. Mume wangu wakati ule hakuwa na kazi, tulikuwa tunakula mshahara wangu tu. Nilijua vyema kwamba mtu mmoja, mtumishi wa serikali, akisema pale "nilikuwepo, tulikuwa tunacheka tu, bibi mtu mzima huyu, muacheni", pengine mambo yangekwisha. Pengine. Sheha mwenyewe alikuwa ananitazama kama anayeniomba niseme hivyo.

"Sikuwepo," nikasema. "Mimi huko sendi."

Mfasiri akageuza uso akanitazama. Wallahi hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anavyofunua chungu kuona kama wali umeiva. Kisha akamwambia yule kijana:

"Kweli, huyu hakuwepo. Ijumaa ana mgonjwa wake, hatoki. Na hao waliokuwepo siwakumbuki, mie macho yangu ya mbali mabovu. Wala filamu usiisumbue, mwanangu, haina makosa. Maneno ni yangu."

"Yote?"

"Yote. Tangu ukumbini."

"Kihindi hukijui?"

"Sikijui hata salamu."

Kijana akaandika. Nikaambiwa naweza kwenda. Nikaenda. Nilitembea mpaka kwangu, nikaingia jikoni, nikatafuta cha kufanya.

Walimuweka ndani siku kumi na moja. Televisheni na deki vilichukuliwa, na havikurudi. Hakuna mwanamke mwengine aliyeitwa, si mimi, si mke wa sheha, si yule aliyesema "Huyooo". Alipotoka alikuwa amekonda na miguu imevimba, na aliyoyapata huko hakuyasimulia. Watu walikwenda kumpa pole kwa kujificha, mmoja mmoja, kwa mlango wa uani. Mimi sikwenda. Nilibadilisha njia ya skuli nisipite kwake. Tukikutana sokoni nikimuamkia huku natazama chini, "Shikamoo Bi," naye anaitikia kama hakuna lililotokea: "Marahaba mwanangu, watoto hawajambo?" Angenitukana ningepona. Mfungo wa Ramadhani nikampelekea bakuli la sukari kwa mkono wa mtoto, na bakuli halikurudi tupu, kwetu chombo hakirudi kitupu, lilirudi na tende. Nilizila zile tende nikilia, na bado sikwenda.

Basi miaka ilikwenda hivyo. Mshahara nikaula mpaka mwisho, nikapewa na zawadi ya kustaafu, saa ya ukutani. Niliiuza.

Vijana wa leo mnafikiri mambo yale yamekwisha. Mna simu. Mjukuu wangu ananiletea kichekesho cha kiongozi fulani, kamchanganya na mcheza filamu, sauti ya huyu mdomo wa yule, na nyote mnacheka na kurushiana. Mimi nacheka, kisha naomba anifundishe kukifuta. Namuuliza: "Na huko ulikokipeleka, wanaweza kujua ni wewe?" Anasema bibi, siku hizi uhuru. Mwezi uliopita kijana wa mtaa wa pili alikuja kuchukuliwa na gari kwa jambo alilolituma, akarudi baada ya siku mbili, na tangu hapo simu yake ni ya kupokelea salamu za mama yake tu. Uchaguzi unakaribia. Watu wameanza tena kuhesabu nani kaenda maziko ya nani. Nikiyaona hayo, nasema hapa bila ya haya, naogopa. Naogopa kwa wajukuu zangu kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Siku moja nao wataulizwa "ulikuwepo?", na sijui nimewafundisha kujibu vipi.

Ndiyo sababu nikamwendea. Nilisikia macho yamekwisha, hayo ya mbali na ya karibu, na kwamba yuko nje ya mji kwa yule yule mpwa wake, aliyerudi kutoka Uarabuni akajenga. Nikaenda alasiri. Mbele ya nyumba wameanika karafuu, na barazani ng'ambo ya njia vijana watano wamekaa na fulana za chama. Walinitazama nikiingia. Nikahisi ile baridi.

Alikuwa amekaa mkekani, mdogo, kama mtoto. Mbele yake televisheni kubwa ya kisasa inasema peke yake.

"Hodi."

"Karibu. Ni mwalimu huyo. Mwendo wako wa woga haujabadilika."

Nikambusu mkono. Tukaulizana hali, watoto, wajukuu, miguu yake, presha yangu. Yale niliyoyabeba miaka yote nikayatafuta, hayakuja. Maneno ya kawaida yalikuja tu, moja baada ya jengine, na vijana wa ng'ambo nawasikia wanacheka. Mlango ulikuwa wazi. Chai ikaletwa, nikainywa. Nikajua nitaondoka kama nilivyokuja.

Kwenye televisheni ikaanza filamu ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe. Na nani anatokea? Mama Machozi, kijana, amesimama kizimbani mbele ya hakimu. Mfasiri akainua kichwa.

"Sauti hiyo naijua. Yuko wapi?"

"Yuko mahakamani, Bi. Amesimama."

"Anasemaje?"

"Mimi Kihindi sikijui, Bi."

"Nani kakuuliza Kihindi?" Sauti ni ile ile, ya kibao cha mbuzi. "Nimekuuliza anasemaje."

Nilitazama mlangoni. Vijana wawili walikuwa wamegeukia kwetu. Nikakiweka kikombe chini. Mama Machozi alifungua mdomo wake.

"Anasema," nikaanza, kwa sauti ya chini. Nikaanza tena, kwa nguvu, ya kufika viti vya nyuma. "Anasema! 'Bwana hakimu, mimi nilikuwepo. Siku ile nilikuwepo, na kila siku nilikuwepo. Nilikaa mbele kabisa. Nilicheka kuliko wote. Nilipoulizwa nikasema sikuwepo, kwa sababu niliogopa, na bibi yule akaenda peke yake.'"

Ng'ambo ya njia kicheko kilinyamaza. Filamu iliendelea, hakimu anasema, watu wanasema, na hakuna aliyetufasiria. Mfasiri alikuwa ameelekeza uso kwangu, macho meupe, midomo inamchezacheza. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa mkeka mpaka akaufikia wangu.

"Muambie akae kitako," akasema. "Amesimama sana."